Niliinunua nikiwa nimekaa mbele peke yangu

Mamangu akiwa hataki kukuvunja moyo ana neno lake moja tu, "nzuri kwako." Ukimletea kanga ambayo haikumkaa moyoni, nzuri kwako wewe uliyeichagua. Basi mwisho wa 2022 nikaingia nyumbani Maweni, hapa Malindi, na gari ya Mazda, Demio ya shepu mpya, nyekundu ile ya kung'aa, watoto wa mtaa wameizunguka kama kuna karamu, nikamwambia mama haya panda tuizungushe. Tukaenda mpaka kule kwenye nguzo ya Vasco da Gama, tukarudi na barabara ya Casuarina, mbele kakaa babangu mdogo, nyuma yeye na shangazi na mwanangu mkubwa kati yao. Tulipofika namfungulia mlango nimejaa furaha, akatoa mguu mmoja kwanza, akapumzika, akashika mlango, akatoa kichwa kimeinama kama mtu anayetoka kwenye tundu la kuku, akajinyosha kiuno, akaniangalia.

"Mashallah mwanangu. Nzuri kwako."

Nilicheka tu. Ilinichukua kama mwaka hivi kujua kwamba mama alishamaliza kila kitu pale, na mimi na zile video zote nilizokesha nikiangalia sikuwa nimefika alikofika yeye kwa safari ya dakika ishirini.

Kabla ya hii nilikuwa na Demio ya shepu ya zamani, ya 2008, nilitoa kwenye yadi Mombasa 2015. Hiyo ndo wenyewe wanaiita DE, ilitoka Japan 2007 na ilikuwa na sifa yake, manake kampuni zingine kila gari mpya inanenepa kuliko ya jana, Mazda wao wakaipunguza uzito kama kilo 100 kutoka kwa ile iliyoitangulia, na 2008 ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka duniani. Mimi wakati huo hata sikuwa najua hayo mambo ya tuzo. Nilichojua ni kwamba ni 1300cc, gia nne, rimu 14 ambayo taya zake unapata duka lolote la taya Malindi hata la mtumba, na fundi yeyote chini ya mwarobaini anaifungua. Nimebebea maembe, nimebebea makaa, nimebebea mbuzi wa Idi akiwa amefungwa miguu nyuma kule anapiga kelele mpaka Ganda, na kuna siku ya msiba wa Gongoni tulikuwa watu sita, sisemi ilikuwa sawa kisheria, nasema tulifika. Haikuwa gari ya kumwonyesha mtu. Ukiwasha esi na kupanda mlima hapo hapo inakuuliza kwanza umeamua lipi.

Kazi yangu iko Kilifi, nashika hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na nyumba iko Malindi na kuhama sihami. Ni kilomita 60 kwenda na 60 kurudi, siku sita kwa wiki, Msabaha, Gede, Mida, pale msitu wa Arabuko Sokoke nyani wamekaa kando ya lami kama wanangojea matatu, Matsangoni, Tezo, matuta kisha matuta tena. Kwa mwezi kama siku 26 hiyo ni kilomita 3,120. Miaka saba nimeenda hivyo na mwishoni goti la kulia na kiuno vikaanza kunisemesha. Kwenye ile DE nilikuwa nakaa kama nimepindishwa kidogo, sikujua kwa nini, nikadhani ni umri.

Ndo nikaanza kutafuta. Sheria ya Kenya unajua, gari ya mtumba isizidi miaka minane, kwa hivo 2022 mwisho ilikuwa ni za 2015, na za 2015 kwa Demio ni hii shepu mpya, DJ, iliyotoka Japan mwezi wa tisa 2014 na ikachukua gari bora la mwaka la huko kwao 2014–2015. Na nilibahatika na wakati, manake mwaka uliofuata, Julai 2023, ushuru wa forodha ukapanda kutoka asilimia 25 mpaka 35. Ningechelewa kidogo ningekuwa nahadithia habari ya bodaboda.

Sasa kosa langu liko hapa na ni langu mimi, sio la muuzaji wala la gari. Nilienda Mombasa peke yangu. Kijana wa yadi akanipa ufunguo akakaa kando yangu, tukatoka nayo barabarani, na ndugu yangu, ile gari ukiikalia siti ya dereva inakushika. Mguu unalala umenyooka mbele, pedali ya petroli imetokea chini kwenye sakafu badala ya kuning'inia kutoka juu, usukani uko pale pale mkono unapoutafuta, gia sita zinaingia hata huzisikii, 1300cc lakini ukikanyaga inaenda kwa adabu. Nikarudi yadi nikalipa deposit. Siti ya nyuma niliiangalia kupitia dirisha, nikaona ni safi, haijachanika. Nikaridhika! Mtu mzima na akili zangu naangalia kama siti imechanika, nisiingie nikakaa.

Na hata kuingia kwenye maelezo yake vizuri niliingia baadaye, baada ya kelele kuanza. Ile DE urefu wake ni kama milimita 3,900. DJ ni 4,060. Kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma DE ni 2,490, DJ ni 2,570. Ukisoma hivyo unasema alhamdulillahi gari imekua, sentimita 16 sio kitu kidogo, hiyo ni karibu shibiri nzima. Upana ni ule ule 1,695 kwa zote mbili, na hapo kuna sababu, kule Japan gari ndogo ikipita milimita 1,700 kwa upana inahamia daraja la juu, kwa hivo wote wanajibana hapo hapo kwenye mstari. Haya sasa, zile sentimita nane za kati ya magurudumu zimeenda wapi? Zimeenda mbele. Wamesukuma magurudumu ya mbele yaende mbele zaidi ili mguu wa dereva upate pa kunyooka na lile boneti liwe refu, gari ionekane kama inakimbia hata ikiwa imesimama. Mtindo wao wanauita KODO. Kwa macho ni tamu, siwezi kudanganya, mpaka leo nikiegesha nageuka nyuma kuiangalia mara moja kabla sijaingia ofisini. Lakini kwa kifupi ile shibiri yote nimeila mimi.

Sikuamini nikachukua tepu. Ile DE nilikuwa nimemuuzia mkoi wangu, mtoto wa mjomba, anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu, nikaenda jioni moja tukaegesha zote mbili ubavu kwa ubavu, tukapima na kupima watoto wanatucheka. Tepu haikuonyesha tofauti kubwa sana ya goti, na mkoi akaanza kubishana nami, akasema we unatafuta kisingizio. Nikamwambia weka tepu chini, ingia ukae. Akaingia DJ nyuma, akanyamaza. Akatoka akaingia DE. Akarudi DJ. Kisha akasema neno ambalo nadhani ndo lenyewe, "hii ukikaa nyuma huoni nje." Manake dirisha la nyuma limepanda juu na kusinyaa kwenda nyuma, siti za mbele zimesimama mbele yako pana kama mabega ya mabondia, ndani kote ni nyeusi, na kwa mtu wa Malindi aliyezoea tuktuk ambayo haina hata mlango, hiyo ni sawa na kuwekwa kabatini saa saba mchana.

Turudi barabara ya Kilifi. Nilikuwa na abiria wangu watatu wa kila siku, sio biashara, ni watu wa mtaani tunaoenda njia moja wanachangia mafuta. Mwalimu mmoja mtu mzima, mrefu, miguu kama ya korongo, dada mmoja nesi, na kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Pwani. Kila mmoja shilingi 250 kwa siku kwenda na kurudi. Kwenye DE mwalimu alikuwa anakaa mbele kwa heshima yake na hao wawili nyuma, hakuna aliyewahi kusema kitu. DJ ilipokuja wiki ya kwanza ni sifa tupu, "sasa umetutoa," wiki ya pili mwalimu anasukuma siti ya mbele nyuma ili miguu ienee, kijana nyuma yake magoti yako kwenye kidevu, hawezi kumwambia mwalimu sogea, basi anakaa upande upande. Dada nesi akitoka zamu ya usiku amechoka anataka kulala kidogo, anasema kichefuchefu, kwani haoni barabara, anaona tu kiti. Wiki ya nne nikaona watu wanaanza kuwahi. Saa kumi na moja na nusu asubuhi kijana kashasimama kando ya mlango wa mbele kama anayelinda benki. Mwalimu anafika anamkuta pale, salamu zinakuwa fupi.

Mwezi wa tatu mwalimu akanipigia usiku. Watu wazima wa pwani hawakuachi hivi hivi, aliniuliza hali ya mama, hali ya watoto, hali ya kazi, mvua, kisha ndo akasema, "bwana mdogo, mimi kwa sasa nitakuwa napanda matatu, sio ubaya, ni haya magoti." Dada nesi naye baada ya wiki mbili akapata mtu mwenye gari nyingine. Akabaki kijana, anakaa mbele sasa, anacheza na redio.

Nikakaa nikapiga hesabu, si ndo kazi yangu. DE ilikuwa inanipa kama kilomita 13 kwa lita, kwa mwezi lita 240. DJ kwa njia hiyo hiyo na mguu huo huo inanipa 18, lita 173 na kitu. Kwenye karatasi ya Japan iliandikwa 24.6 lakini hiyo waachie wenyewe wanaopima kwenye chumba. Nimeokoa lita 67 kila mwezi, na ule mwezi wa kumi 2023 petroli ilipopita shilingi 210 hiyo ilikuwa zaidi ya 14,000, nilikuwa natembea natamba. Haya, abiria wawili waliotoka, 250 mara 26 mara mbili, ni 13,000. Unaona? Ile faida yote niliyotafutiwa na gia sita, siti ya nyuma imeinywa. Imebaki elfu moja ya mahamri na chai. Na bei iliposhuka 2024 hata hiyo elfu ikaondoka, tena ikawa mimi ndo nadaiwa.

Lakini goti langu limepona, na hilo nalo lina bei, tuwe waadilifu. Kiuno kimenyamaza kabisa. Nikifika nyumbani jioni siku hizi nacheza na watoto, zamani nilikuwa najitupa kwenye mkeka kama gunia la mbata. Kwa hivo mtu akiniuliza gari ni nzuri nashindwa kujibu mara moja, nataka kwanza kumuuliza anaulizia siti gani.

Kuna ile habari ya injini kujizima. Ukisimama na mguu uko kwenye breki inazima yenyewe kuokoa mafuta, ukiachia inawaka. I-stop wanaiita. Tokyo kwenye foleni ya taa nadhani ni raha. Huku kwetu mahali tunaposimama ni kwenye kizuizi cha polisi na pale ng'ombe wanapovuka, na ukisimama dakika mbili esi inabaki inapuliza tu upepo wa vuguvugu na jua la Malindi liko juu ya paa. Siku ya kwanza mama yuko ndani tumesimamishwa kwenye kizuizi, gari ikanyamaza ghafla, akaanza kusoma dua kwa sauti, askari naye akainama dirishani akauliza "imekufa?" Kuna swichi ya kuizima, iko kulia kwa usukani, lakini kila ukiwasha gari upya lazima uibonyeze tena, imekuwa kama kusema bismillahi. Na betri yake sio hizi za kawaida, inaanza na herufi Q, inavumilia kuwasha na kuzima mara nyingi, bei yake ukiisikia unakaa chini kwanza.

Na kuna yule mwanamke wa Kijapani. Wenye hizi gari mnamjua. Ukiwasha tu anakusalimu, anasema maneno marefu ya adabu, kumbe anakwambia kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, ni kile kidude cha barabara zao za kulipia. Fundi aliniambia atamtoa, kazi ya dakika kumi. Mama akakataa. Kila akipanda anamjibu "waalaikum salaam." Redio yenyewe masafa ya Japan hayapiti 95, kwa hivo stesheni zetu nyingi zinakosa, kijana wa chuo alihangaika nayo wiki nzima akitafuta kipindi cha mpira mpaka tukanunua kile kifaa cha kuongeza masafa.

Sasa stepni, ile taya ya akiba. Hii nitaieleza polepole manake hapa ndo nilipoona aibu.

Tulikuwa na matanga Marafa, kwa upande wa mke wangu, tukatoka Malindi alasiri watu wanne na sufuria mbili za shangazi. Ukishaacha lami ile njia ina mawe yaliyochongoka, na DJ taya zake ni rimu 15, 185/65, zinashika vizuri barabarani lakini jiwe ni jiwe. Tuko kama kilomita nane kabla ya kufika, magharibi inaingia, nikasikia mlio ule unaoujua. Nikashuka, taya ya nyuma kushoto imelala, imechanika ubavuni. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, nikavua kanzu nikaipanga vizuri kwenye siti, nikatoa masufuria, nikainua kile kibao cha buti kutoa stepni.

Hakuna stepni.

Kuna kichupa na kijimashine kidogo cha kujazia upepo. Kichupa ni gundi, unaimwaga ndani ya taya inaziba tundu la msumari, ndivyo hizi shepu mpya zilivyokuja, kupunguza uzito na kupata nafasi. Maandishi yote Kijapani isipokuwa tarehe, na tarehe yenyewe ilikuwa imepita miaka mingi, nikakitikisa kikalia kama kokoto. Na hata kingekuwa kipya, ubavu ukichanika gundi haifanyi kitu. Jeki nayo hamna, kama ilikuwepo ilibaki Japan. Na mimi hiyo gari nilikuwa nayo mwaka na zaidi! Kila Jumapili naiosha, naipaka ile mafuta ya dashibodi inukie, sijawahi hata siku moja kuinua kile kibao. Shangazi kasimama gizani na sufuria kichwani akaniuliza, "mwanangu, gari ya pesa yote hiyo imekuja bila mguu wa tano?"

Tukaokolewa na pikapu iliyobeba nanasi, dereva wake akanipa jeki, taya ikapanda bodaboda ikaenda Marafa kwa fundi wa pancha, akaitia kiraka kikubwa kwa ndani, ikarudi saa tatu usiku. Tulifika watu washamaliza kusoma. Wiki iliyofuata nikanunua rimu na taya na jeki, na kwa sababu pale chini haikuenea ile ya saizi kamili, inakaa juu ya buti yenyewe. Buti ya lita 280 ukiweka stepni inabaki nafasi ya mikoba miwili na mswaki. Kwanza hata ikiwa tupu mdomo wake uko juu, gunia lazima ulinyanyue mpaka kifuani ndo uliteremshe ndani, na rangi nyekundu inachubuka. Mbuzi sijajaribu.

Safari ya Lamu, kwa wakwe, nilikuwa naihesabu kama raha ya mwaka, na kwa kweli tangu lami ya Garsen kwenda Lamu ikamilike ni barabara ya kuimba. Mimi niliimba. Mke wangu mbele anaimba kidogo. Nyuma kuna watoto watatu na mto wa kulalia, na kila baada ya nusu saa ni "baba nataka kutapika," tumesimama Minjila, tumesimama Witu, mkubwa akishushiwa dirisha akatoa kichwa kama mbuzi, anapona pale pale. Ndo nikamkumbuka dada nesi, maskini, nilikuwa nadhani anadeka. Mokowe tukaiacha gari kwa mlinzi tukapanda boti, na watoto walipokaa kwenye ubao wa boti, upepo unawapiga, bahari mbele yao yote, wakapona kabisa, hakuna hata aliyetaka mto. Mke wangu akaniambia kwa upole wake wa Kiamu kwamba hii ni gari ya watu wawili na mkoba. Sikumjibu. Ningemjibu nini.

Upande wa ufundi sina la kulalamika. Fundi wangu alikuwa anaiogopa mwanzo, akifungua boneti anasema sindano za petroli hapa zinapiga moja kwa moja ndani ya silinda, sio kama zamani, hii inataka oili nyepesi 0W-20 na usiniletee filta ya bei rahisi. Nikamsikiliza, na haijanilaza njiani. Vipuri vichache nimeagiza Mombasa vikaja na matatu. Chumvi ya bahari inaila kama inavyokula kila chuma mji huu, naiosha chini kwa maji matamu, basi.

Juzi kulikuwa na harusi Mambrui. Nikaamka mapema nikaisugua ile nyekundu mpaka unaweza kunyolea ndevu, nikaipaki mbele ya nyumba, milango wazi, esi inaunguruma, yule mwanamke wa Kijapani kashasema yake. Namngoja mama. Mama akatoka na shangazi, buibui mpya, udi unanukia mpaka barabarani, wakanipita. Wakaenda nyumba ya nne. Mkoi alikuwa ameitoa DE, rangi imefifia juu ya paa, kifuniko kimoja cha rimu hakipo, na wao wakaingia nyuma wote wawili, na shangazi wa pili akaongezeka, na mtoto juu. Nikamfuata mama nikamwambia mamangu, mbona, mbele kwangu nimekuwekea wewe. Akanigusa shavu.

"Siti ya mbele mpe mkeo mwanangu. Mimi huku nataka kuona watu nikivuka daraja la Sabaki."

Akateremsha kioo, akatoa mkono nje. Mkoi akapiga honi wakatoka mbele, nami nikafuata nyuma yao pole pole, mguu wangu umenyooka vizuri kabisa.